Pesa za kumsaidia mtoto wa chekechea mwenye mahitaji maalumu: maswali ya wazazi wa Kisumu, Nakuru na magharibi ya Kenya

Ukurasa huu ni wa mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka mitatu hadi sita ambaye ana usonji, utindio wa ubongo, uziwi, uoni hafifu, ugumu wa kutembea au kuchelewa kuongea, na wakati wa kuanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, umefika. Maswali ni yale tunayoulizwa na wazazi kwenye foleni za kliniki, kwenye mikutano ya shule na kwenye simu za usiku. Tuseme mapema: hakuna mfuko mmoja wa kumaliza mahitaji yote. Pesa zipo vipande vipande, kila kipande kina ofisi yake na karatasi zake, na vingi huanza kufunguka mtoto akishafanyiwa tathmini.

Je, kuna pesa ambazo serikali hutuma chekechea kwa ajili ya mtoto wangu?

Kwa mtoto wa chekechea ya kawaida, hakuna fungu la kitaifa linalomfuata yeye kwa jina lake. Chanzo chake kiko kwenye Katiba ya 2010. Jedwali la Nne liligawa kazi: elimu ya chekechea ikaenda kwa serikali za kaunti, ilhali shule za msingi, za sekondari na elimu maalumu zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Mtoto wa miaka minne mwenye utindio wa ubongo anapasuliwa katikati na mgawanyo huo. Kwa kuwa yuko PP1, ni wa kaunti. Kwa kuwa ana mahitaji maalumu, ni wa wizara Nairobi. Kila upande una sababu ya kumwelekeza kwa mwenzake, na mzazi ndiye anayebaki njiani na mtoto mgongoni.

Utauona mgawanyo huu ndani ya ua mmoja wa shule. Shule nyingi za msingi za umma zina darasa la chekechea, na mwalimu wake ameajiriwa na kaunti. Hatua chache kutoka hapo, kama shule ina yuniti ya elimu maalumu, mwalimu wa yuniti ni wa TSC, tume ya kitaifa ya kuajiri walimu. Mmoja ana watoto wa umri wa mwanao, mwingine ana ujuzi ambao mwanao anauhitaji, na mishahara yao inatoka serikali mbili tofauti. Pale ambapo walimu hawa wawili wanashirikiana, tumeona watoto wakipiga hatua bila hata senti ya ziada kutolewa. Ushirikiano huo mara nyingi huanza kwa mwalimu mkuu kuombwa na mzazi, basi muombe.

Chekechea ya umma ni bure au si bure?

Kwa sheria, ni bure. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu hiyo. Mwaka 2021 ikapitishwa sheria maalumu ya elimu ya watoto wadogo inayozungumzia vituo vya kaunti. Mashinani, wazazi bado huombwa mchango wa uji, wa mlinzi, wa karatasi za shughuli. Ukishindwa kuulipa, zungumza na mwalimu na kamati ya shule mapema. Mtoto asibaki nyumbani kwa sababu ya uji.

Mwalimu amenitazama mtoto akasema, "Huyu hatumuwezi, mpeleke shule maalumu." Nifanye nini?

Usiondoke na jibu la mdomo tu. Sheria ya Elimu ya Msingi inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na ulemavu umetajwa wazi miongoni mwa misingi ya ubaguzi. Shule ya umma haipaswi hata kumpa mtoto mtihani wa kumchuja. Inayoruhusiwa ni tathmini ya kujua akae darasa gani. Ibara ya 54 ya Katiba nayo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizochanganyika na jamii, kwa kadiri inavyomfaa yeye.

Omba kwa heshima sababu za kukataliwa ziandikwe na zipigwe muhuri. Mara nyingi, mwalimu akiombwa kuandika, mazungumzo hubadilika na nafasi ikapatikana. Tunawaelewa walimu hawa: wengi wana watoto wengi darasani, hawana msaidizi, na hawakufundishwa namna ya kumlisha mtoto anayepaliwa au kumtuliza anayepiga kelele. Hofu yao ni ya kweli. Ila hofu ya mwalimu inamalizwa na mafunzo na vifaa, haimalizwi kwa mtoto kurudishwa nyumbani.

Nianzie wapi?

Anza na tathmini. Ziko mbili, na wazazi wengi huzichanganya, wakafanya moja na kushangaa kwa nini ofisi ya pili inawarudisha.

Ya kwanza ni tathmini ya kielimu. Hii hufanywa na kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake, EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na viko chini ya Wizara ya Elimu. Ukitaka kujua kilicho karibu nawe, uliza ofisi ya mkurugenzi wa elimu ya kaunti ndogo, au muulize mwalimu wa yuniti yoyote. Hao ndio wanaovijua kuliko watu wote. Afisa atauliza mimba ilikuwaje, mtoto alilia lini alipozaliwa, aliketi lini, alisimama lini. Atampima kusikia na kuona, atacheza naye, atamtazama akishika kalamu au akitafuta kitu kilichofichwa. Mwisho ataandika ripoti inayopendekeza mahali panapomfaa: darasa la kawaida pamoja na msaada, yuniti, shule maalumu, au kufundishwa nyumbani. Ripoti hiyo ndiyo lugha ambayo mwalimu mkuu na wizara wanaielewa.

Ya pili ni tathmini ya kimatibabu, na hufanywa hospitalini. Hii ndiyo inayofungua mlango wa kadi ya ulemavu. Kwa Kisumu wengi huenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wengi bado huiita Russia, au hospitali ya rufaa ya kaunti. Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ya Level 5. Kakamega kuna hospitali kuu ya kaunti. Hospitali nyingi hutenga siku maalumu za kazi hii kwa sababu jopo lazima likutane, kwa hiyo uliza siku kabla ya kulipa nauli. Kwa macho, wazazi wa Vihiga na jirani wana bahati ya kuwa na Hospitali ya Macho ya Sabatia.

Nenda na daftari la kliniki la mtoto, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako na karatasi yoyote ya hospitali uliyonayo, hata kama imechakaa. Beba pia video fupi kwenye simu ikiwa mtoto hupata kifafa au hufanya jambo ambalo hatalifanya mbele ya daktari. Watoto wengi hunyamaza kabisa kwenye chumba cha tathmini, na mama akaonekana ametia chumvi.

Mtoto hana cheti cha kuzaliwa.

Kitafute kwanza, maana kila fomu itakidai. Kama alizaliwa nyumbani, naibu wa chifu ndiye wa kuanza naye. Baada ya miezi sita tangu kuzaliwa, usajili huhesabiwa umechelewa na karatasi huongezeka kidogo, lakini haukataliwi.

Kadi ya NCPWD inaleta pesa?

Kadi peke yake haileti pesa, ila misaada mingi huiulizia kwanza. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, lina afisa katika kila kaunti, na maombi hufanywa pia kupitia eCitizen. Usajili wenyewe hautozwi pesa. Mtoto wa umri wowote anaweza kusajiliwa, na mzazi ndiye anayejaza kwa niaba yake.

Ukishaipata, kuna mambo matatu ya kuulizia katika ofisi hiyo hiyo. La kwanza ni Mfuko wa Kitaifa wa Maendeleo kwa Watu Wenye Ulemavu, ambao hutoa vifaa vya kujisaidia na msaada wa karo. La pili ni kwamba mfuko huo huo huweza kuisaidia shule yenyewe kwa vifaa na majengo. Hili wazazi wengi hawalijui, na walimu wakuu wengi pia. Shule yenye watoto watano wenye ulemavu na barua nzuri ina hoja yenye nguvu kuliko mzazi mmoja mwenye fomu moja. La tatu ni kwa mtoto mwenye ualbino: baraza lina mpango wa mafuta ya kujikinga na jua yanayotolewa bila malipo kupitia hospitali. Mtoto wa PP1 hucheza nje saa nne asubuhi, jua la Kisumu likiwa limeshaanza kuchoma, kwa hiyo hili halifai kungoja.

Nikimsajili, si atabandikwa jina la ulemavu maisha yake yote?

Tunaulizwa hili kwa sauti ya chini, mara nyingi na mama ambaye mumewe au mama mkwe amekataa. Kadi haitangazwi kijijini. Haimpotezei mtoto chochote. Mtoto ambaye hakusajiliwa majirani wanamwona vilevile. Asiyemwona ni serikali inapopanga bajeti. Baba akikataa, mwalike aandamane nawe siku ya tathmini na amsikie daktari mwenyewe. Wengi wamelainika pale.

Zile Sh2,000 za Inua Jamii, mtoto wangu anaweza kuzipata?

Anaweza, lakini si kila mtoto mwenye ulemavu. Ndani ya Inua Jamii, misaada ya pesa ya serikali kwa familia maskini, mpango wa watu wenye ulemavu uliokithiri ulianza mwaka 2011 na hutoa Sh2,000 kwa mwezi, zikipokelewa na mlezi. Wanaolengwa ni wale wanaohitaji uangalizi wa mtu mwingine saa zote: kulishwa, kupelekwa msalani, kulindwa wasijidhuru. Pia familia iwe maskini sana na isiwe inapokea pesa za mpango mwingine wa aina hiyo. Kwa hiyo mtoto mwenye utindio mkali wa ubongo asiyeweza kuketi ana nafasi, ilhali mtoto kiziwi anayekimbia na kucheza huenda asihesabiwe humo, hata kama nyumbani hakuna kitu.

Majina hayaandikwi kila siku. Serikali hufungua usajili kwa vipindi, na habari hupitia kwa chifu, naibu wa chifu na wazee wa nyumba kumi. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wahudhurie baraza la chifu, hata lile linaloonekana kuwa la mambo ya mifereji. Mpelekee afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo nakala ya kadi ya mtoto na umwombe akuandike miongoni mwa wanaosubiri. Mtu yeyote akikuomba pesa ili "aingize jina," mkatalie, kuandikishwa hakulipiwi.

Pesa hizo huchelewa mara kwa mara, zikaja za miezi kadhaa kwa pamoja. Usizipangie deni la duka kana kwamba ni mshahara. Na ni halali kabisa kuzitumia kwa nauli ya boda, nepi, unga wa uji au malipo ya tiba ya viungo. Ni za mtoto na nyumba inayomlea.

Vifaa anavyohitaji darasani ni ghali. Nani hulipa?

Inategemea kifaa. Kiti cha magurudumu, magongo, vifaa vya kusaidia kusikia na mashine ya breli huweza kuombwa kupitia NCPWD. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo nchini, APDK, kipo tangu 1958 na hutengeneza viti vya magurudumu vinavyofaa barabara zetu. Uliza tawi lake la Kisumu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo hutengeneza vifaa na kufanya tathmini za kina kwa kesi ngumu.

Jihadhari na jambo moja: kiti cha magurudumu cha mtu mzima hakimfai mtoto wa miaka minne. Atazama ndani yake, mgongo utapinda, na kifua kitabanwa. Tumeona viti vya msaada vilivyoletwa kwa sherehe na picha, halafu vikawa vya kuanikia nguo kwa sababu hakuna aliyempima mtoto. Ukiambiwa kiti kipo, uliza: nani atampima? Mtaalamu wa tiba ya viungo anapaswa kupima upana wa nyonga, urefu wa paja na urefu wa mguu, na kifaa kije na mikanda.

Kwa darasani, kitu kinachosaidia sana si ghali kama wazazi wanavyodhani. Ni kiti cha pembeni: mbao mbili zilizokutana kama kona ya nyumba, zikamshika mtoto mabega na mgongo, kipande cha katikati kinachotenganisha mapaja ili asiteleze, na meza ndogo mbele yake iliyokatwa nusu duara tumboni. Fundi wa mbao wa soko la Kibuye, Kisumu, hukitengeneza akipewa vipimo na picha. Kuna mama mmoja alimpelekea fundi mtoto mwenyewe, akamketisha juu ya mbao, fundi akachora kwa kalamu pale nyonga zilipoishia. Kilipopigwa msasa na kuwekwa godoro jembamba, yule mtoto aliinua kichwa na kumtazama mwalimu wake usoni. Mpaka siku hiyo alikuwa akilazwa mkekani, akiangalia mabati wakati wenzake wakiimba. Omba kamati ya shule ichangie mbao, na wewe uchangie ufundi, au kinyume chake.

Vipi kuhusu basari?

Basari nyingi zimetengenezewa sekondari na vyuo, na mzazi wa PP1 atakuta fomu haina hata nafasi ya kuandika darasa la mwanawe. Hata hivyo usikate tamaa haraka.

Hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, hushughulikia kazi za serikali ya kitaifa. Haiwezi kujenga darasa la chekechea, kwa kuwa hilo ni la kaunti. Lakini shule maalumu ni ya kitaifa, na kamati nyingi husaidia wanafunzi wa shule maalumu hata wakiwa wadogo. Peleka barua ya kupokelewa shuleni, orodha ya ada, ripoti ya EARC na nakala ya kadi. Andika neno "shule maalumu" mahali ambapo haliwezi kukosekana kuonekana.

Basari ya wadi iko kwa kaunti, na hapa mzazi wa chekechea ana hoja ambayo mzazi wa sekondari hana. Mapema mwaka 2025 kulizuka mvutano mkubwa, Mdhibiti wa Bajeti akihoji kaunti kutoa basari za ngazi ambazo kikatiba si zao. Chekechea ni yao bila ubishi wowote. Ukikutana na mwakilishi wenu wa wadi, mwambie hivyo: pesa hizi zikimsaidia mtoto wa PP1 mwenye ulemavu, hakuna mkaguzi atakayezihoji kwa msingi huo.

Nimesikia shule hupata nyongeza kwa kila mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu. Ni kweli?

Ni kweli kwa shule za msingi. Kwa miaka mingi kiwango kilichowekwa kimekuwa Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, na mwenye mahitaji maalumu akaongezewa Sh2,300. Mtoto aliye kwenye daftari la chekechea ya kaunti hayumo katika hesabu hiyo. Anapovuka kwenda Gredi ya Kwanza, hakikisha mwalimu mkuu amemwingiza kwenye mfumo wa wizara pamoja na aina ya ulemavu wake. Asipoandikwa hivyo, shule hupokea pesa za mtoto asiye na mahitaji, na vifaa vyake havitakuwa na bajeti.

Watoto ambao mtaala wa kawaida hauwafai wana njia nyingine iliyotayarishwa na KICD, taasisi ya kitaifa ya mitaala, inayoanza na ngazi ya msingi ya mawasiliano, kujihudumia na maandalizi ya kusoma. Muulize mwalimu wa yuniti ikiwa mwanao anafaa kuanzia hapo, na aandikwe kwenye daftari lipi. Swali la daftari linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua ni serikali gani itamhesabu.

Nani hulipa mtu wa kukaa na mtoto darasani? Na nauli?

Kwa chekechea ya umma, mara nyingi ni mzazi. Tunasikitika kuandika hivyo, kwa sababu haya mawili ndiyo yanayowarudisha watoto nyumbani kuliko karo. Boda ya kwenda na kurudi kila siku kutoka Nyalenda au Kondele, au kutoka Kaptembwo kule Nakuru, hula pesa ya chakula. Kinachosaidia kidogo ni wazazi watatu au wanne kuchangiana boda mmoja anayeaminika, au kumlipa kwa zamu msaidizi mmoja anayehudumia watoto wao wote darasani. Vikundi vilivyosajiliwa na ofisi ya ustawi wa jamii hupata pia nafasi ya kuomba misaada ambayo mzazi mmoja hawezi kuiomba.

Tiba ya viungo na ya kuongea je?

Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na umweke mtoto kama mtegemezi wako. Asiye na mshahara hutozwa 2.75% ya mapato ya nyumba yaliyokadiriwa, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Kabla ya kuanza vipindi vya tiba, uliza hospitali ni vingapi vitalipiwa na bima na vingapi utalipa mfukoni. Mwombe mtaalamu akufundishe mazoezi ya kufanya nyumbani, na umwonyeshe mwalimu mawili au matatu ya kufanya shuleni.

Shule maalumu za karibu ni za bweni. Mtoto wa miaka minne alale shuleni?

Magharibi ya Kenya ina shule za miaka mingi na zenye walimu wanaojua kazi: Joyland kwa watoto wenye ulemavu wa viungo na ile ya wasioona ya Kibos, zote Kisumu; St. Oda kule Siaya kwa wasioona. Nyang'oma kwa viziwi. Shule ya viziwi ya Mumias. Ngala kwa viziwi huko Nakuru. Kwa mtoto kiziwi hasa, kuishi kati ya watu wanaotumia Lugha ya Ishara ni zawadi kubwa, na kuchelewa kuipata humgharimu.

Bado, maoni yetu ni kwamba mtoto wa miaka minne alale kwao ikiwezekana hata kidogo. Mtoto asiyeweza kusema kilichompata usiku anahitaji mtu anayemfahamu. Shule ikiwa karibu, omba awe wa kutwa. Ikiwa hakuna njia nyingine, itembelee bila kutangaza, uangalie vyoo na mabweni, uulize mlezi mmoja wa usiku anaangalia watoto wangapi.

Dada yangu yuko Uingereza na anasema kule chekechea hulipwa. Mbona huku sivyo?

Ni kweli kule pesa humfuata mtoto. Tangu 2017, chekechea za Uingereza hupewa fungu la kila mwaka kwa kila mtoto ambaye familia yake inapokea malipo ya ulemavu; lilianza kwa pauni 615 na limepandishwa tangu hapo. Hakuna kitu kwenye Katiba yetu kinachozuia kaunti kufanya vivyo hivyo kwa kiwango chake.

Basi tunawezaje kuifanya kaunti iweke pesa hizo?

Kwa kufika wakati bajeti ingali laini. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maamuzi hufanywa kabla. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kila hatua ina nafasi ya wananchi kutoa maoni. Wazazi wengi hufika Juni, wakati fungu la barabara na la chekechea limeshagawanywa.

Nendeni na ombi moja linaloweza kuandikwa kwenye mstari mmoja wa bajeti. "Tusaidieni watoto wetu walemavu" halina mahali pa kuandikwa. "Kaunti iajiri wasaidizi wa darasani kwa chekechea zenye watoto waliofanyiwa tathmini" lina mahali. Vilevile njia ya kiti cha magurudumu na choo kimoja chenye mlango mpana kwa kila darasa jipya la chekechea linalojengwa.

Bebeni orodha yenu wenyewe ya watoto: umri, wadi, aina ya mahitaji, yuko shuleni au la. Msitaje majina. Orodha hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Sensa ya 2019 ilipotangaza kuwa 2.2% ya Wakenya wana ulemavu, ilikuwa inahesabu watu wa miaka mitano kwenda juu. Mtoto wa PP1 mwenye miaka minne hakuwamo. Afisa wa bajeti akikuambia hana takwimu za watoto hawa, anasema kweli, na karatasi yenu ndiyo ya kwanza atakayoipata.

Nimezungushwa ofisi hadi ofisi. Nilalamike wapi?

Andika barua fupi kwa ofisi husika, ueleze ulichoomba na siku ulipofika, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi, kwa hiyo iandike kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Usipojibiwa, ipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Zote zina ofisi Kisumu na hazitozi pesa. Kwa ubaguzi wa ulemavu, taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Na ikiwa mtoto amepigwa, amefungiwa au ameachwa bila uangalizi shuleni, usisubiri barua: piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, usiku au mchana.